Kaboni juu ya pistoni: hasara isiyoandikwa katika daftari la mwenye pikipiki

BARIADI: Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, unasifika nchini kwa pamba. Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huingia mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, na sehemu ya fedha hizo huishia kwenye maduka ya pikipiki. Mwalimu hununua moja, mwenye duka hununua mbili, mfanyabiashara wa mazao hununua tatu na kuwakabidhi vijana wa kijiweni. Kuanzia siku hiyo mwenye mali hungoja hesabu ya jioni.

Tatizo ni kwamba wengi huhesabu kinachoingia tu. Hawahesabu kinachoungua ndani ya injini. Baada ya miezi kadhaa pikipiki huanza kukosa nguvu, hunywa mafuta kupita kiasi, hutoa moshi na kuwaka kwa shida asubuhi. Fundi huifungua na kumwonyesha tajiri pistoni iliyofunikwa na gamba jeusi la kaboni. Huandikwa orodha ya vipuri: seti ya pistoni, ringi, gasketi, pengine na valvu. Tajiri hulipa huku akinung'unika kwamba pikipiki za siku hizi ni mbovu. Baada ya muda gamba lile lile hurudi, na bili ile ile hurudi nayo.

Hapo ndipo mwekezaji mdogo anapopaswa kusimama na kuuliza swali la kibiashara: je, analipia ugonjwa au analipia dalili? Kaboni juu ya pistoni ni dalili. Kubadilisha pistoni bila kujua kaboni imetoka wapi ni sawa na kupaka chokaa ukuta unaovuja.

Kaboni hutokeaje

Petroli ni mchanganyiko wa kaboni na haidrojeni. Ikipata hewa ya kutosha na cheche nzuri, karibu yote huungua na kutoka kama gesi na mvuke. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Hewa ikipungua, au mafuta yakizidi, sehemu ya kaboni hubaki ikiwa masizi na kuganda kwenye kichwa cha pistoni, kwenye valvu na kwenye plagi. Oili inayopenya kuingia kwenye chumba cha kuunguzia nayo huacha mabaki, na mabaki ya oili ni magumu zaidi kuliko masizi ya petroli.

Ni vema ieleweke kwamba utando mwembamba wa kaboni ni jambo la kawaida kwa injini yoyote iliyokwisha kufanya kazi. Fundi anayeonyesha weusi kidogo na kudai pistoni mpya hamtendei haki mteja wake. Hasara huanza gamba linapokuwa nene. Chukua injini ya sentimita za ujazo 100 ambayo chumba chake cha kuunguzia kina sentimita za ujazo 12.5. Mgandamizo wake ni 9 kwa 1. Gamba likijaza sentimita moja tu ya ujazo katika chumba hicho, mgandamizo hupanda hadi karibu 9.7 kwa 1. Injini huanza kugonga inapopanda kilima na mzigo. Vipande vya gamba hugeuka makaa yanayowasha petroli kabla ya cheche kufika, ringi hunata kwenye mifereji yake, valvu hushindwa kufunga vizuri, na nguvu hupungua. Dereva huongeza mafuta kwa mkono, na mafuta hayo ya ziada huongeza kaboni. Huo ndio mduara ambao mwenye mali anaulipia.

Lawama mbili zisizotosha

Vijiweni lawama huelekezwa mahali pawili. Ya kwanza ni kwamba pikipiki zinazoletwa kutoka China na India si imara kama zile za zamani. Hoja hii ina udhaifu wake. Pikipiki mbili za aina moja, zilizonunuliwa duka moja wiki moja, huonekana moja ikifanya kazi miaka mitatu bila kufunguliwa na nyingine ikifunguliwa kabla ya mwaka. Kama kosa lingekuwa la kiwanda peke yake, zote mbili zingekufa pamoja. Aidha, baadhi ya pikipiki za zamani zinazosifiwa, kama Yamaha na Suzuki za mabwana shamba, zilikuwa za mipigo miwili, ambazo huunguza oili pamoja na petroli kwa maumbile yake. Kukwangua kaboni kwenye pistoni na bomba la moshi ilikuwa kazi ya kawaida ya matengenezo yake. Hazikuepuka kaboni. Ziliepuka kupuuzwa, kwa sababu zilikuwa na kitabu cha matengenezo na mtu wa kuulizwa.

Lawama ya pili ni petroli iliyochakachuliwa. Hapa kuna ukweli, lakini si wote. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hayageuki mvuke kwa urahisi, huungua vibaya, huacha masizi na kuifanya injini igonge. Serikali ililiona hilo, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka sh. 52 kwa lita hadi zaidi ya sh. 400, makusudi ili kuua tofauti ya bei iliyowavutia wachakachuaji. Kabla ya hapo, mwaka 2010, EWURA ilikuwa imeanza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta. Faida ya kuchanganya ilipungua sana. Mtu anayedai leo kwamba kila pistoni nyeusi imetokana na mafuta ya taa anapigana na adui wa zamani.

Eneo linalostahili kutazamwa ni petroli ya chupa. Kijijini ambako hakuna kituo, dereva hununua mafuta kwenye chupa za maji na vidumu vilivyopangwa mezani juani. Bei kikomo ya EWURA, inayotangazwa kila mwezi, haifiki kwenye meza ile, wala mkaguzi wa ubora. Petroli iliyokaa kwenye chupa ya plastiki juani hupoteza sehemu zake nyepesi, huingia vumbi na maji, na mnunuzi hana njia ya kujua kidumu kilibeba nini jana yake. Mkulima wa Simiyu analijua jambo hili kwa upande wa pamba: madaraja ya pamba safi na pamba fifi yanapoacha kuheshimiwa, mwenye pamba safi hupunjwa na sifa ya zao huporomoka. Petroli ya chupa ni bidhaa isiyo na daraja. Kujengwa kwa vituo vidogo vya mafuta vijijini ni nafasi ya biashara kwa mwenye mtaji, na pia ni nafuu kwa injini zinazobeba uchumi wa vijiji hivyo.

Mwinuko, vumbi na mzigo

Sababu zinazosahaulika ni zile za mahali penyewe. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mto Simiyu unatiririka kutoka nyanda za mashariki kuingia ziwani humo, kwa hiyo Bariadi iko juu zaidi ya hapo. Katika mwinuko kama huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 10 au zaidi. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam haijui kwamba imehamia Bariadi. Hupitisha mafuta karibu yale yale kwenye hewa iliyopungua, na mchanganyiko huwa mzito. Marekebisho madogo ya skrubu na sindano ya kabureta, yafanywayo na fundi anayejua kazi, hugharimu pesa kidogo. Ni wanunuzi wangapi wa pikipiki mpya wanaoomba yafanywe kabla ya kuikabidhi kwa dereva?

Kisha kuna vumbi. Barabara kuu zimewekwa lami, lakini biashara ya bodaboda haiishii kwenye lami. Huingia Itilima ndani, huvuka mbuga za Meatu na kufuata magunia ya pamba mashambani. Kiangazi chujio la hewa hujaa haraka kuliko kitabu cha kiwanda kinavyokadiria. Likiziba, injini hukosa hewa na kuungua kwa mchanganyiko mzito, na matokeo yake ni kaboni. Dereva mwingine, akiona pikipiki imekosa nguvu, hulitoa kabisa. Kwa siku chache nguvu hurudi na yeye hujiona fundi. Lakini sasa vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi, ringi zilizosagika zinapitisha oili, na oili inaungua. Kwa hiyo chujio la hewa huleta kaboni kwa njia mbili: likiziba na likitupwa. Lingine huharibiwa kwa kuoshwa na petroli ilhali ni la karatasi. La sponji huoshwa na kutiwa oili kidogo. La karatasi hukung'utwa, na likichoka hubadilishwa.

Namna ya kuendesha nayo ina sehemu yake. Plagi hujisafisha yenyewe ikifikia joto la nyuzi 450 hivi. Pikipiki inayofanya safari fupi fupi kati ya soko na stendi, ikiwashwa na kuzimwa au kuunguruma kijiweni bila kwenda popote, haipati joto hilo kwa muda wa kutosha. Choki ikisahauliwa wazi baada ya kuwasha asubuhi, mafuta humiminwa bila sababu. Plagi iliyochoka hutoa cheche dhaifu. Mambo haya yote ni madogo, lakini kila siku huongeza utando mmoja juu ya mwingine.

Mwisho ni oili yenyewe. Oili isiyobadilishwa kwa wakati huchoka, na oili ya bandia haikuwa na nguvu tangu mwanzo. Hata oili nzuri ikijazwa kupita alama huweza kusukumwa kupitia njia ya hewa ya injini na kuingia kwenye mfumo wa kuvuta hewa, ikaunguzwa. Wapo wanaodhani kuzidisha oili ni kuitendea wema injini. Ni kuilisha kaboni.

Pistoni husomwa kama risiti

Fundi mwenye macho anaweza kusema gamba limetoka wapi kabla hajaandika orodha ya vipuri. Masizi makavu na laini kwenye plagi ni dalili ya mafuta kuzidi au hewa kupungua. Atazame chujio, choki na kabureta. Weusi wenye unyevu wa oili ni dalili ya oili kupenya. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi wakati wa kuwasha na kukoma baadaye, sili za valvu zishukiwe kwanza. Ukitoka kila injini inapovuta mzigo, ringi zishukiwe. Plagi yenye rangi ya kahawia iliyofifia huonyesha injini inaungua sawasawa.

Kipimo cha mgandamizo humaliza ubishi. Injini hupimwa kikavu, kisha hupimwa tena baada ya kutiwa kijiko kidogo cha oili kwenye silinda. Kipimo kikipanda, ringi au silinda imelika. Kisipopanda, valvu ndizo zinazovujisha. Kifaa hicho si cha anasa. Fundi anayefungua injini kadhaa kwa mwezi bila kuwa nacho anafanya kazi kwa kubahatisha, na bahati hiyo inalipiwa na mteja.

Hata kusafisha kuna utaratibu. Kukwangua pistoni kwa bisibisi au msasa mkavu huacha mikwaruzo kwenye aluminiamu, na kaboni mpya hushika haraka katika mikwaruzo hiyo. Iloweshwe usiku kucha katika mafuta ya taa, kisha ikwanguliwe kwa kijiti au plastiki ngumu. Hapo mafuta ya taa yanafanya kazi yake halali.

Kabureta ya kwanza ni mkataba

Lakini juu ya sababu zote za kifundi kuna moja ya kibiashara ambayo haitibiwi kwa spana. Pikipiki nyingi za mwekezaji mdogo huendeshwa kwa mtindo wa hesabu: dereva huleta kiasi kilichokubaliwa kila siku, na pikipiki hubaki mali ya tajiri. Mara nyingi oili ni juu ya dereva, na injini ikifa ni juu ya tajiri. Mgawanyo huo unaonekana wa haki, na ndio unaozalisha kaboni.

Chukua mfano, kila msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe. Hesabu ni sh. 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla sh. 260,000. Oili, plagi na chujio vikitunzwa ipasavyo vinagharimu sh. 32,000 kwa mwezi, sawa na asilimia 12 hivi ya hesabu. Dereva aliyebanwa anapunguza nusu: anachelewesha oili na kulisahau chujio. Anaokoa sh. 16,000 kwa mwezi, yaani sh. 96,000 kwa miezi sita. Mwezi wa sita injini inafunguliwa. Vipuri na fundi ni sh. 150,000, na siku nne bila hesabu ni sh. 40,000. Jumla sh. 190,000, na zote ni za tajiri. Kilichookolewa ni sh. 96,000, kilichopotea ni sh. 190,000, na aliyeokoa siye aliyepoteza. Kwa mpango kama huo haihitajiki dereva mwovu ili injini ife. Inatosha dereva mwenye njaa.

Hali huwa mbaya zaidi dereva anapompa pikipiki deiwaka kwa jioni moja. Deiwaka hana hata miezi sita ya kuifikiria injini. Ana masaa sita. Kwa upande mwingine, pikipiki ya mkataba, ambayo dereva akimaliza malipo inakuwa yake, humpa sababu ya kutunza. Hata hivyo mkataba wenye malipo makubwa mno ya wiki huirudisha hali ile ile, kwani anayekimbizana na deni hununua oili ya bei ya chini na kusali ifike mwisho wa mkataba.

Watasema baadhi ya matajiri kwamba kumlipia dereva oili ni kumdekeza, na kwamba fedha ya oili akipewa mkononi huila. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni jepesi: asipewe fedha. Tajiri anunue oili mwenyewe dukani, ibadilishwe mbele yake siku iliyopangwa, na hesabu ya siku hiyo ipunguzwe au isamehewe. Gharama hiyo aiweke ndani ya hesabu tangu siku ya makubaliano. Kinachoonekana kama ukarimu ni bima ya mtaji wake.

Soko la vipuri

Wauza vipuri nao wana la kujifunza. Duka linalojaza seti za pistoni na kukosa machujio, sili za valvu na plagi halisi linafanya biashara ya misiba. Faida ya seti moja ni kubwa, lakini mteja hurudi kwa nadra na kwa hasira. Chujio na oili humrudisha mteja kila mwezi, na mteja wa kila mwezi ndiye mtaji wa duka. Mwenye duka atakayepata sifa ya kuuza oili isiyo na shaka, yenye kifuniko kilichofungwa, alama ya TBS na risiti, atauza hata bila kupunguza bei. Chupa tupu zitobolewe baada ya kutumika, kwani chupa nzima yenye nembo ni malighafi ya mwenye kutengeneza oili bandia. Na mnunuzi aliyeuziwa bandia asinyamaze. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kushughulikia bidhaa bandia, lakini haiwezi kufuatilia malalamiko yasiyopelekwa.

Vikundi vya vijana vinavyochukua pikipiki kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vizingatie hesabu hii tangu kwenye andiko la mradi. Andiko linaloonyesha bei ya pikipiki na mapato ya siku, bila mstari wa oili, chujio na marekebisho ya kabureta, ni andiko la mkopo ambao marejesho yake yatasimama injini itakaposimama.

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la pikipiki halihitaji mhasibu: tarehe ya oili, tarehe ya chujio, rangi ya plagi, kiasi cha petroli kwa siku, na kila shilingi iliyokwenda kwa fundi. Petroli ikianza kupanda bila safari kuongezeka, tajiri anajua mapema kuliko moshi. Na siku fundi akisema pistoni ibadilishwe, aombe kuiona ya zamani, aulize kaboni imetoka wapi, na alipe baada ya kupata jibu. Kwa wanaokusudia kununua msimu ujao wa pamba, ushauri ni huu: bei ya pikipiki dukani ni sehemu ya kwanza tu ya gharama. Atakayetenga ya pili tangu mwanzo ndiye atakayebaki na mali wakati wa kuuza.